Jinsi ya kuiona seli kwa hadubini na kuelewa kazi ya kila sehemu: mwongozo kamili wa kitunguu, shavu na maji ya bahari

Wanafunzi wengi hapa Mombasa humaliza kipindi cha hadubini bila kuona seli hata moja. Wameona viputo vya hewa, nyuzi za pamba, fuwele za chumvi au weupe mtupu. Kengele ikikaribia kulia wanafungua kitabu na kunakili mchoro uliomo, pamoja na mitokondria na ribosomu zake zote, sehemu ndogo mno za ndani ya seli. Mwalimu akiuliza mitokondria hiyo umeionea wapi, jibu hakuna.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo, na wa mwalimu anayemsimamia akiwa na hadubini moja kwa darasa zima. Tutashughulika na seli za yukaryoti, yaani zile ambazo kiini chake kimezungukwa na utando wake chenyewe: za mimea, za wanyama, zako na zangu. Msimamo wangu ni kwamba sehemu ya seli huielewi kwa kukariri jina lake, unaielewa unapoiona ikifanya kazi. Kwa sababu hiyo hatua ya maji ya bahari nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na ukibanwa na muda, usiiache hiyo.

## Vifaa

- Hadubini ya mwanga yenye lenzi za chini za ×4, ×10 na ×40, na lenzi ya jicho ya ×10
- Slaidi, yaani vipande vya kioo vya kuwekea unachokitazama, pamoja na vifuniko vyake vya kutosha kwani huvunjika upesi
- Wembe mpya, kibano, sindano, dropa na karatasi ya shashi
- Kitunguu maji chekundu, kigumu, kisichoanza kuchipua
- Maji matamu
- Maji ya bahari, chupa ndogo tu
- Myeyusho wa aidini na bluu ya methilini kutoka maabara
- Vijiti safi vya pamba, vile vya masikio
- Rula ya plastiki inayopitisha mwanga, penseli ya HB na karatasi isiyo na mistari

Kitunguu utakipata Kongowea, Marikiti au kwa mama mboga wa mtaani. Kibonyeze kabla ya kununua. Kilicholainika ngozi yake hukatika vipande vipande, na utapoteza kipindi kizima ukichubua.

Kwa maji matamu tumia ya mfereji, ya mvua au ya chupa. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na tone lake likikauka huacha fuwele zenye pembe ambazo wengi huzichora wakidhani ni seli. Isitoshe, hutaki seli zako zikutane na chumvi kabla ya wakati wake.

Maji ya bahari yachote upande wa bahari wazi, Nyali au Shanzu kwa mfano, maji yakiwa yamejaa. Ndani ya hori la Tudor siku za masika, mvua hupunguza ukali wa chumvi. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo aliye mbali na pwani atie gramu 3.5 za chumvi ya jikoni katika mililita 100 za maji, itamfaa vivyo hivyo.

## Hatua ya 1: Tayarisha meza na mwanga

Zima panka iliyo juu ya meza. Hili linadharauliwa, lakini upepo wake hupeperusha vifuniko na hukausha tone la maji chini ya kifuniko katika dakika chache. Slaidi ikikauka, hewa huingia na seli hufa.

Zungusha lenzi ya ×4 mpaka usikie imekaa mahali pake. Tazama kwenye lenzi ya jicho, kisha rekebisha taa au kioo mpaka uone mduara mweupe usio na kivuli upande wowote.

Tahadhari: hadubini ya kioo ielekeze kwenye anga nyeupe au ukuta wenye mwanga. Usielekeze kioo kwenye jua lenyewe hata kwa sekunde moja. Mwanga huo utakusanywa na lenzi na kuingia jichoni mwako, na unaweza kukupofusha.

## Hatua ya 2: Chubua ngozi ya kitunguu

Kata kitunguu katika robo nne na utenganishe tabaka zake. Chukua tabaka nene la katikati. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi nyembamba isiyo na rangi. Ukilivunja tabaka taratibu kwa vidole, ngozi hiyo hubaki ikining'inia pembeni. Ishike kwa kibano uivute polepole.

Kata kipande cha kama milimita 5 kwa milimita 5 kwa wembe. Kikubwa zaidi ya hapo hujikunja.

Sababu ya kutaka ngozi hii ni kwamba ina tabaka moja tu la seli, na mwanga hupita. Ukikwangua nyama ya kitunguu utapata seli zilizorundikana, na utakachoona ni giza.

Umefaulu ikiwa kipande kinaonyesha maandishi ya kitabu ukikiweka juu yake. Kama hakionyeshi, umebeba na nyama, chubua kingine.

## Hatua ya 3: Kilaze bila mikunjo, kifunike bila viputo

Dondosha tone moja la maji matamu katikati ya slaidi kwanza, ndipo ulaze kipande juu yake. Kipande kikitangulia juu ya kioo kikavu hung'ang'ania na kujikunja. Kinyooshe kwa ncha ya sindano.

Sasa kifuniko. Kisimamishe kikiwa kimeegemea kando ya tone, kwa pembe ya kama digrii 45, ukikiegemeza kwenye sindano. Shusha sindano polepole. Maji yatatambaa chini ya kifuniko yakiisukuma hewa itoke upande wa pili. Ukikiangusha bapa, hewa hukosa njia.

Kiputo cha hewa ndicho kinachowadanganya wengi kuliko kitu kingine. Kitambue hivi: ni duara kamili, ukingo wake ni mweusi na mnene, na katikati kunang'aa. Seli ya kitunguu haina umbo la duara kamili, na seli hupangana, hazielei peke yake.

Maji yaliyozidi yafyonze kwa pembe ya karatasi ya shashi.

## Hatua ya 4: Tia aidini

Weka tone moja la aidini ukingoni mwa kifuniko. Ukingo wa upande wa pili gusisha karatasi ya shashi. Karatasi inapovuta maji, aidini hupita chini ya kifuniko na kuzifikia seli. Subiri dakika mbili.

Kiini kitageuka rangi ya manjano iliyokoza kuelekea kahawia. Ukiona chembe za buluu-nyeusi, hizo ni wanga, na huenda zimetoka kwenye wembe uliokata kiazi au muhogo. Kitunguu huhifadhi chakula chake kama sukari, hakina wanga wa kuonekana hivyo.

Aidini huua seli. Kwa kuonyesha kiini haina tatizo, ila slaidi hii usiitumie kwa hatua ya 7, inayotaka seli hai.

## Hatua ya 5: Anza na lenzi ndogo, kila mara

Weka slaidi kwenye jukwaa la hadubini, uibane kwa klipu. Ukiwa na lenzi ya ×4, tazama kutoka pembeni na ulete lenzi na slaidi karibu karibu. Kisha weka jicho na uzitenganishe polepole kwa skurubu kubwa mpaka picha itokee. Ukifanya kinyume, yaani kuzisogeza karibu huku unatazama ndani, utavunja slaidi na kukwaruza lenzi.

Kwa ×4 na lenzi ya jicho ya ×10, ukuzaji ni mara 40. Utaona mistari mingi iliyopangana mfano wa matofali. Peleka katikati sehemu isiyo na mikunjo wala viputo. Ukisogeza slaidi kulia, picha huenda kushoto, utaizoea.

Nenda ×10, yaani mara 100, na ukaze picha kwa skurubu ndogo. Kwa kazi nyingi za shule hapa panatosha. Ukitaka ×40, zungusha lenzi taratibu ukitazama pembeni isiguse kifuniko, na kuanzia hapo usiiguse skurubu kubwa kabisa.

Kosa kubwa la hatua hii ni mwanga mwingi. Seli haina rangi, na mwanga ukizidi huifuta. Punguza tundu la mwanga lililo chini ya jukwaa mpaka kuta za seli zitokeze nyeusi na wazi. Mwanafunzi anayesema haoni kitu, mara nyingi seli ziko mbele ya jicho lake zimezamishwa na mwanga.

Umefaulu ukiona seli ndefu zilizoshikana, na ndani ya nyingi kitone kimoja cha kahawia.

## Hatua ya 6: Jua unachokitazama, na usichoweza kukitazama

Mstari unaoizunguka kila seli ni ukuta wa seli. Umejengwa kwa selulosi, unaipa seli umbo na kuizuia isipasuke. Maji na chumvi hupita ndani yake bila kizuizi. Kumbuka hili tukifika baharini.

Kitone cha kahawia ni kiini. Kina DNA, yaani maagizo ya kutengeneza protini za seli. Ndani yake kwa mara 400 unaweza kuona nukta moja au zaidi iliyokoza. Ni nukleoli, mahali ribosomu zinapoanzia kuundwa. Kiini kikionekana kimebanwa ukutani, seli haina kasoro. Umeitazama kwa ubavu. Kikionekana katikati, unakitazama kutoka juu.

Eneo kubwa linaloonekana tupu ni vakuoli, mfuko wa maji, sukari na chumvichumvi. Huusukuma ukuta kutoka ndani, kama mpira wa ndani unavyoukaza mpira wa ngozi, na mmea husimama. Mchicha uliosinyaa sokoni hurudi kusimama ukinyunyiziwa maji kwa sababu vakuoli zake zimejaa tena.

Saitoplazimu, ute unaozijaza seli nje ya kiini, imebaki utepe mwembamba kandokando ya ukuta na kukizunguka kiini. Tengeneza slaidi ya pili isiyo na aidini, punguza mwanga sana, utazame utepe huo kwa mara 400 bila haraka. Utaona chembechembe zikisafiri ndani yake. Ni seli hai ikisambaza mahitaji yake, na nisingependa mwanafunzi yeyote amalize shule bila kuliona jambo hilo.

Utando wa seli upo, lakini umebanwa ukutani hivi kwamba huwezi kuutofautisha. Utajitokeza hatua ijayo.

Kloroplasti, vidonge vya kijani vinavyotengeneza chakula cha mmea, hakuna. Kitunguu hukua hasa kwenye udongo au usawa wake na kazi yake ni kuhifadhi. Kutengeneza chakula ni kazi ya majani.

Sasa yale usiyoyaona. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana zaidi ya mikromita 0.2 hivi (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), hata ingekuza kiasi gani. Mitokondria, zinazotoa nishati kutoka kwenye chakula kwa kutumia oksijeni, zina upana wa mikromita 0.5 hadi 1. Bila rangi maalumu, hadubini ya shule haikupi picha ya kuzitambua. Ribosomu, zinazosoma maagizo ya kiini na kuunganisha protini, zina nanomita 20 hadi 30 tu, na nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita. Wavu wa endoplazimu unaosafirisha protini hizo, na vifuko vya Golgi vinavyozipanga na kuzifungasha, navyo huhitaji hadubini ya elektroni.

Zijue kazi zake, utaulizwa. Lakini ukichora ulichoona kwenye slaidi yako, usizitie.

## Hatua ya 7: Maji ya bahari yauonyeshe utando

Hapa ndipo seli inapoacha kuwa picha.

Badilisha ngozi. Chukua tabaka la nje lenye nyama, na uchubue upande wake wa nje, wenye rangi ya zambarau. Rangi hiyo imeyeyuka ndani ya vakuoli, kwa hiyo huhitaji kutia rangi yoyote. Ngozi hii ni ngumu kuchubuka. Ikate mkato mdogo kwa wembe, uinue kona kwa kibano, uvute sambamba na tabaka. Usijali ukipata kipande kidogo.

Kilaze kwenye tone la maji matamu, kifunike, ukitazame kwa mara 100. Seli zimejaa zambarau ukuta kwa ukuta. Chagua seli tatu au nne utakazozifuatilia, uzichore haraka.

Sasa, bila kuitoa slaidi, weka tone la maji ya bahari ukingoni na ufyonze upande wa pili kwa shashi, mara mbili au tatu. Usiondoe jicho.

Katika dakika chache zambarau itaanza kujitenga na ukuta, kwanza kwenye pembe za seli. Pengo jeupe litatokea na kukua. Zambarau itajikusanya ikawa donge lenye ukingo laini, na rangi yake itakoza. Ukuta utabaki palepale, na umbo lake lile lile.

Ukingo laini wa donge ndio unaoonyesha utando wa seli ulipo, ule uliokuwa umejificha. Na pengo jeupe lina nini? Maji ya bahari. Yamepita ukutani kwa sababu ukuta haumzuii mtu, yakasimamishwa na utando. Chumvi imeshindwa kuingia, lakini maji ya ndani yametoka kuifuata nje, na ndiyo maana donge limenywea. Rangi nayo haikuvuja. Kazi ya utando wa seli ni kuchagua kipi kipite na kipi kibaki, na umeiona kwa macho yako. Wapishi wanaokichuja kitunguu cha kachumbari kwa chumvi wanalijua tokeo hili: maji yanayochuruzika bakulini yametoka kwenye vakuoli.

Sasa rudisha maji matamu kwa njia ile ile ya shashi, taratibu. Seli nyingi zitajaa tena hadi ukutani. Zisizojaa zimekufa, pengine ulizikaza kwa kibano au ulizichelewesha kwenye chumvi.

Halafu fanya jaribio la kulinganisha, ambalo wengi huliruka na ambalo ndilo linalothibitisha kila kitu. Tumbukiza kipande kingine cha ngozi ya zambarau kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Kitazame, kisha ukipitishie maji ya bahari. Rangi itakuwa imevuja, na hakuna donge litakaloundika. Joto limeuharibu utando. Ukuta upo, umbo lipo, lakini uchaguzi umekwisha.

Usipoona mabadiliko: ama umetumia ngozi iliyotiwa aidini, ama maji ya bahari hayakuingia kwa sababu shashi haikugusa maji, ama kitunguu kilikuwa kimeoza. Angalia kwa utaratibu huo.

## Hatua ya 8: Seli ya mnyama, kutoka shavuni mwako

Sukutua mdomo. Paka kijiti safi cha pamba ndani ya shavu, bila kukwangua kwa nguvu, kisha ukipake kwenye slaidi kavu. Acha ikauke kidogo, tia tone moja la bluu ya methilini, subiri dakika moja au mbili, funika, na ufyonze rangi iliyozidi.

Kila mtu atumie kijiti chake na slaidi yake. Ukimaliza, vitie vyote kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia.

Utaona seli za upana wa mikromita 50 hadi 60, bapa, zisizo na umbo maalumu, kingo zake zikiwa zimekunjika hapa na pale. Hazina ukuta wala vakuoli kubwa. Kiini kiko wazi, buluu iliyokoza.

Tazama vizuri kwa mara 400. Juu ya seli hizo utaona vinukta vya buluu vidogo mno. Ni bakteria wa kinywani, prokaryoti, wasio na kiini, wenye ukubwa wa kama mikromita moja. Slaidi moja imekupa aina mbili za seli kwa pamoja, na hakuna mchoro wa kitabuni unaokupa hisia hiyo ya tofauti ya ukubwa.

Anayetaka kuona kloroplasti na aende ufukweni maji yakipwa, aokote majani mabichi ya nyasi za bahari yaliyoachwa na mawimbi, hasa zile zenye majani madogo ya mviringo. Usizing'oe, ni malisho na maficho ya samaki. Jani hilo ni jembamba na hupitisha mwanga bila kukatwa. Liweke kwenye tone la maji ya bahari, maana limezoea chumvi na maji matamu yatalidhuru. Vidonge vya kijani ndani ya seli ndivyo kloroplasti.

## Hatua ya 9: Pima, kisha chora

Weka rula ya plastiki chini ya lenzi ya ×4 na usome upana wa mduara unaouona. Tuseme ni milimita 4.5. Lenzi ya ×10 hukuza mara 2.5 zaidi ya ×4, kwa hiyo mduara wake ni 4.5 ÷ 2.5 = milimita 1.8. Kwa ×40 ni milimita 0.45.

Hesabu seli zilizopangana kwa urefu kukatisha mduara. Zikiwa 6 kwenye mduara wa milimita 1.8, kila moja ina milimita 0.3, sawa na mikromita 300.

Chora seli mbili au tatu tu, kubwa, kwa mstari mmoja usiokatika. Usipake kivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatane, wala isiwe na vichwa vya mishale. Ukuta wa kitunguu uchore kwa mistari miwili, kwa kuwa una unene.

Ukuzaji wa mchoro ndipo alama za mtihani zinapopotea. Wengi huandika ×100 kwa sababu hadubini ilikuwa mara 100. Mchoro wako una ukuzaji wake: gawanya urefu wa mchoro kwa urefu halisi, vyote vikiwa kwa kipimo kimoja. Mchoro wa sentimita 9 ni milimita 90. 90 ÷ 0.3 = ×300.

## Hatua ya 10: Safisha kabla ya kuondoka

Tone moja la maji ya bahari likibaki kwenye jukwaa litashika kutu. Futa kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha kwa kikavu. Lenzi zifute kwa karatasi yake maalumu. Shati la sare lina vumbi na litazikwaruza.

Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye lenzi, utando mweupe wenye nyuzi ambao ukishaingia ndani hautoki kwa kufuta. Hifadhi hadubini kwenye sanduku linalofunga, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Vifuko vinavyobadilika rangi vikishaonyesha vimeshiba, vikaushe au uvibadilishe. Irudishe hadubini ikiwa na lenzi ya ×4 chini, mwanga umezimwa, slaidi imetolewa.